Tenki la Bwana Shamba

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa kiti cha plastiki, mkasema, "Fundi, sasa kaa." Nimekaa. Hii ni wiki ya tatu, na mgongo unaniuma kuliko nilipokuwa nainama juu ya mabati kutwa nzima. Mikono nayo haijui ikae wapi. Nikiiweka mapajani inainuka yenyewe na kupapasa ukingo wa meza, kuona kama umenyooka. Kwa hiyo nimenunua daftari. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu, maana fundi bodi hana cheo, ana nyundo. Nitawaandikia kazi ilivyoanza, na pikipiki moja ambayo haijaniacha mpaka leo.

Nilifika karakana ya misheni hapa Lushoto nikiwa nimevaa shati langu la kipaimara na viatu vya kuazima. Nilidhani nitapewa gari siku ile ile. Fundi mkuu alikuwa Mzee Zefania, mtu mfupi, mnene wa mabega, sikio moja limekufa kwa kelele za nyundo. Nikamwamkia shikamoo mara tatu upande wa sikio bovu, akanyamaza, nikadhani ana dharau. Nilipozunguka upande wa pili akaitikia marahaba, akaniuliza baba yangu analima nini.

"Kabichi na maharage, mzee."

"Basi kwenu mnajua kusubiri. Shika toroli hilo."

Nilinyoosha matoroli miezi sita. Toroli likitoka kubeba mawe huwa limebonyea kila mahali, na ukimaliza kulinyoosha linarudi kubeba mawe yale yale. Nililia siku moja nyuma ya choo, nawaambia ukweli. Mzee Zefania aliniona, na kesho yake akanifunga kitambaa machoni, akaniwekea mlango wa gari mbele yangu. "Papasa. Niambie pamebonyea wapi." Nikasema pako sawa. Akanipiga kofi la kisogo, akanishika kiganja na kukipitisha polepole, mpaka nikasikia. Palikuwa na kashimo ambako ningekatazama mwaka mzima kwa macho nisikaone. Jicho hudanganywa na rangi, alisema, kiganja hakidanganywi.

Neno lake lingine lilikuwa hili: kila bati lina kwao. Limetoka kiwandani limenyooka, ajali imelipotezea njia, wewe kazi yako ni kulirudisha kwao, usilifundishe mambo mapya. Nimeishi na neno hilo miaka arobaini na mitatu. Nililiamini kama Baba Yetu.

Kuhusu zana, wengi wenu mnazijua, lakini hamjui zilikotoka. Nyundo yangu ya mbao ni ya mpera, maana mpera haupasuki na hauachi alama kwenye bati. Doli, kile chuma cha kukingia nyuma ya bati, ni kipande cha reli nilichopewa Mombo, na aliyenipa sikumuuliza maswali. Mfuko wa ngozi umejaa mchanga wa Mnazi, kule bondeni. Mchanga wa huku kwetu juu una tope, ukipata unyevunyevu wa Julai unakuwa tofali, na ukigonga bati juu ya tofali unajigonga mwenyewe. Mtakaorithi mfuko ule, kila mwaka umwageni mchanga, uanikeni, urudisheni.

Kulikuwa na kazi ngumu, na kulikuwa na kazi za aibu. Ya aibu kuliko zote ilinikuta upande wa Bulwa, nilikoazimwa miezi mitatu kunyoosha malori ya kubebea majani ya chai. Kule mvua haiombi ruhusa. Pati niliyopaka, ile ya kusawazisha bati kabla ya rangi, haikukauka siku nne. Mimi na akili zangu nikaubeba mlango wa lori nikauingiza kwenye chumba kinachokaushiwa chai, nikauegemeza ukutani, nikaenda kula. Niliporudi pati ilikuwa imekauka vizuri sana, na msimamizi alikuwa amesimama pale ameshika chai mkononi, anainusa, ananitazama, anainusa tena. Nilifagia chumba kile wiki nzima.

Ni kule nilikompata Agnesi, binti wa Magoma aliyekuja kumtembelea shangazi yake. Alizoea joto la chini. Nilimleta Lushoto, akalalamika baridi kwa miaka yote tuliyokaa, na kila nikimwambia tuhamie kwao bondeni, akasema siwezi kuacha jiko langu. Alifariki miaka minne kabla sijastaafu. Mnakumbuka nilirudi kazini mapema mno, mkanong'ona. Niliwaambia wateja hawasubiri. Uongo mtupu, nyumba ndiyo ilikuwa haikaliki.

Wakati huo nilikuwa na karakana yangu mwenyewe, hii mliyonikuta nayo, na magari yalikuwa yamepungua, pikipiki zimejaa. Na pikipiki zikaja na plastiki. Sipendi plastiki, sijawahi kuificha chuki hiyo. Bati ukiligonga linakujibu. Plastiki ukiigonga inapasuka, ukiishona kwa waya wa moto inanuka, na haina kwao pa kuirudisha. Nilishona makava ya plastiki kwa sababu ya kula tu.

Basi asubuhi moja akaingia uani dada mmoja anasukuma pikipiki kubwa ya kisasa, zile za mbio, nyekundu, imeinama mbele kama panzi anayetaka kuruka. Upande mmoja wa kava ulikuwa vipande. Akavua helmeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole. Umeangushwa na nini?"

"Kabichi."

"Lori la kabichi?"

"Hapana mzee, kabichi lenyewe. Lori lilidondosha moja kwenye kona za Soni, nikalikanyaga."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, ingawa kiwiko kilikuwa kinamtoka damu. Aliitwa Rehema, mpima ardhi, kazi yake Korogwe, kwao Gare. Baba yake alikuwa bwana shamba wa zamani, marehemu Bwana Saidi, ambaye wazee wa milima hii wote wanamkumbuka kwa kuwapigia kelele wachimbe makinga maji mashambani. Nikamwambia plastiki yake naweza kuishona, wiki moja.

"Sitaki uishone," akasema. "Itoe yote. Nataka uifanye ifanane na pikipiki ya baba."

Nikamtazama usoni nione kama amegonga na kichwa. Pikipiki ya bwana shamba wa enzi zile ilikuwa ya tenki la mviringo, taa moja duara, siti ndefu bapa, imetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Hii yake ilikuwa mnyama mwingine kabisa. Nikamwambia hivyo.

"Najua mzee. Sikiliza kwanza." Akakaa juu ya tairi. "Mama haoni. Huu mwaka wa pili. Hospitali wamesema mishipa ya macho imekufa, hakuna cha kupasua. Mwanzoni alivumilia, akasema akikaa kimya anamwona baba kama alivyokuwa. Mwezi uliopita nilimkuta analia jikoni. Anasema sura ya baba imeanza kumtoka. Anaitafuta haipati. Kilichobaki mikononi mwake ni tenki la pikipiki, maana alikuwa analiosha kila Jumamosi. Ananiambia, 'Nikilishika lile, yule mtu atarudi.' Sasa mzee, pikipiki ilikuwa ya serikali. Baba alipofariki ilirudi ofisini, baadaye ikauzwa chuma chakavu."

"Si nikutengenezee tenki tupu umpelekee?"

"Mama si mtoto mchanga umpe kopo achezee. Nataka likae juu ya injini, liwe la moto, linuke mafuta, litetemeke. Nataka nimpakie."

Mke wangu alikuwa anakaribia miaka minne kaburini, na mimi pia kuna siku nilikuwa nasikia sauti yake inapungua. Nikamwambia lete picha.

Picha ilikuwa moja tu. Bwana Saidi amesimama mbele ya pikipiki na koti refu la mvua, kajishika kiuno, na koti lile limefunika tenki lote. Taa inaonekana, digadi la mbele la kukinga matope linaonekana, na mwisho wa siti. Tenki, hata ncha. Nilimlaumu marehemu kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Tukaenda Gare kwa mama mwenyewe. Mama Rehema alikuwa mwembamba, mnyoofu, anatembea uani kwake bila fimbo. Nikamwamkia, akaniitikia, akanishika mkono na kuugeuza kiganja juu.

"Huyu fundi kweli," akamwambia binti yake. Kisha akanigeukia. "Umewahi kuliona tenki la mume wangu?"

"Sijawahi, mama."

"Utalitengenezaje?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe."

Kabla macho hayajazimika alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vilishuka hadi Magoma. Akasema: "Maneno hayatoshi. Nitakufinyangia. Rehema, nenda kwa shangazi yako, mwambie nataka udongo. Na wewe fundi utoke hapa."

Wale mlio Wasambaa hamhitaji maelezo, lakini kuna wenzetu wa kutoka kwingine: kwetu ufinyanzi ni wa wanawake, na mwanamume hakaribii udongo ukiwa mbichi. Akikaribia, chombo kinapasuka. Mimi Mlutheri, niliona niseme kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mama akaniambia, "Ya zamani, ndiyo. Na likipasuka, utanipa wewe macho ya kuanzia upya?" Nikaondoka.

Nikakata fito, nikazitia alama kwa kisu, hii ya urefu, hii ya upana, hii ya kimo, ili atakachofinyanga kikae kwenye fremu yetu. Rehema akampelekea. Mimi nikakaa nyuma ya nyumba kwenye migomba, mgongo nimeupa ukuta, nikawa nasikia viganja vinapiga udongo. Tulifanya kazi hivyo siku nzima, tukipigiana kelele.

"Fundi! Huku mkiani pasizidi kiasi gani?"

"Viganja viwili, mama!"

"Vyako au vyangu?"

"Vyako!"

"Basi litakuwa na kiuno kizuri kuliko la kwanza!"

Nilitamani sana kuchungulia. Nilisikia anaimba kidogo kwa Kisambaa, anaacha, anaanza tena. Jioni akasema nirudi baada ya siku tano.

Lilipokauka nililiona. Vijana, nimeona kazi za watu wenye macho na mashine, sijaona kitu kama kile. Tumbo lilijaa bila kuvimba, mgongo ulishuka taratibu hadi kwenye siti. Tulilifunga kwa majani ya mgomba, tukalitia kwenye tenga, tukashuka nalo Lushoto kwa mwendo wa maiti.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana kuna mtu kati yenu ataletewa kama hii. Pikipiki hizi za kisasa pampu ya mafuta imo ndani ya tenki, na chini yake kuna boksi la hewa. Ukilitupa tenki umeua pikipiki. Nililiacha, nikalikata mabega, nikalichomelea upya, na juu yake nikalivika ganda la bati linaloshikwa na bolti nne. Kabla hujachomelea tenki, lioshe, kisha lijaze maji mpaka karibu na mahali unapochoma. Nimemzika fundi mwenzangu aliyesema lake halina harufu, likamlipukia. Hendo, ile mikono ya usukani, za chini niliziondoa nikaweka za juu, ndipo nikagundua mpira wa breki haufiki, tukasubiri mrefu wiki mbili. Taa ilitoka kwenye trekta bovu. Waya zote zilizokuwa zimejificha nyuma ya kava nilizikusanya ndani ya taa, na hapo nilitukana matusi ambayo mengine nilikuwa nimeyasahau. Rejeta, ile ya kupooza injini, ilinishinda kuificha. Nikaipaka rangi nyeusi nikaiacha, kila mtu ana kitambi chake.

Rangi mama alisema kijani cha jani la chai lililokomaa. Nilichanganya mara sita.

Na hapa ndipo nilipokosea. Tenki la udongo, upande wa kushoto, mahali goti la mwendeshaji linapokaa, lilikuwa na mbonyeo. Si mkubwa, kiasi cha kiganja. Nikaupapasa. Nikasema, masikini, mkono umemteleza, haoni. Au limekandamizwa kwenye tenga. Mimi nimeishi kwa kuondoa mibonyeo. Mtu akiniletea kitu kimebonyea, hata asiposema, mkono unakwenda wenyewe. Nikachukua vipimo vya kulia, nikavigeuza, nikavifanya kuwa vya kushoto. Pande zote mbili zikawa mapacha. Nilijisifu, niseme kweli. Sikupanda Gare kumuuliza, na Gare si mbali. Lile la udongo nikaliweka nje chini ya paa la bati, paa likavuja, na asubuhi nilikuta tope.

Siku ya kulipeleka Rehema aliendesha, mimi nikafuata kwa gari la jirani na sanduku langu la zana, maana pikipiki mpya haiaminiki. Mama alikuwa amevaa kanga mpya, ameketi uani. Aliposikia injini inaingia akasimama. Rehema hakuizima. Akamshika mama mkono, akampeleka.

Alianza na taa. Akaizunguka duara kwa vidole, akacheka. Akapandisha vidole kwenye hendo. Akashuka kwenye tenki, kulia, kiganja chote, polepole kama anayeosha. Lilikuwa la moto. Midomo ikaanza kumcheza. "Enhe," akasema. "Enhe. Hili." Akaupeleka mkono wa pili kushoto.

Mkono ukapita. Ukarudi. Ukapita tena, juu, chini, unatafuta. Uso wake ulibadilika mbele ya macho yetu. Aliutoa mkono, akaushika kwa mwingine.

"Si lake," akasema.

"Mama, ni hilo hilo, fundi amefuata—"

"Si lake, Rehema. Zima."

Rehema akazima. Akageuka ukutani akaanza kulia kimya kimya, mabega yanamtikisika. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Fundi," akaita mama. "Kushoto ulipakuta vipi?"

"Palikuwa pamebonyea, mama."

"Ukapanyoosha."

"Nilipanyoosha."

"Ukasema kipofu amekosea."

Nikamwambia, "Nisamehe mama. Ndivyo nilivyosema."

Akakaa. Alipoanza kusimulia hakuwa na hasira, na hiyo ilinichoma zaidi. "Ilikuwa masika. Nilishikwa na uchungu wa huyu Rehema. Akanipakia tushuke hospitali. Pale mtoni tukateleza, pikipiki ikalala kushoto. Alinivuta nikamwangukia yeye, na tenki likagonga jiwe. Akainuka ana matope mpaka kwenye meno, hakutazama pikipiki, akanitazama mimi, akaniuliza, 'Mko wawili bado?' Nikamwambia tuko wawili. Tukaendelea. Baadaye mafundi wote walitaka kuninyooshea pale. Saidi akawakataza, akasema pamelingana na goti lake. Na kweli goti lilikaa pale mpaka anakufa. Mimi Jumamosi nikiosha, mkono ukizama pale, nasikia anauliza. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta, fundi. Tenki zima ni bati tu."

Nikamwambia nitalirudisha karakana, nitatoa rangi, nitafanya upya, nipe wiki mbili.

"Sina wiki mbili. Kila nikilala anazidi kwenda. Si una nyundo? Leta hapa. Safari hii huondoki."

Nikafungua bolti nne. Rehema akatoa gunia la maharage, tukalilaza ganda juu yake, maana mfuko wangu wa mchanga niliuacha. Mama akapiga magoti, akaweka kiganja mahali pale, akakitoa. "Hapa." Nikainua nyundo ya mpera. Vijana, mkono ulikataa. Rangi mpya, mikono sita ya rangi, imeng'aa, haina hata unyoya, na mimi niigonge. Miaka yote ile mkono wangu haujawahi kupiga bati ili libonyee.

"Piga, mzee," akasema Rehema.

Nikapiga. Bati likaitika. Mama akapapasa. "Bado. Chini kidogo." Nikapiga. "Bado. Liingie, usiogope, jiwe halikuogopa." Nikapiga tena na tena, na kila pigo kiganja chake kinakwenda kuuliza. Rangi ikapasuka vipande vidogo. Nilikuwa natokwa na jasho na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

Kisha akaweka kiganja, hakukitoa. Nikangoja aseme bado. Hakusema. Akafumba macho, ingawa kwake ilikuwa haina tofauti. Nikalibeba ganda, akainuka nalo, akasogea nalo, hakuliachia, nikalifunga mahali pake huku mkono wake ukiwa pale pale. Rehema akawasha injini.

"Ana koti la mvua," akasema mama. "Rehema, baba yako ana koti lake la mvua. Ana matope." Akacheka, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Halafu akasema taratibu, kama anayemjibu mtu aliyesimama karibu, "Tuko wawili. Tuko wawili bado."

Nilijitolea kupaka upya palipopasuka, akanifukuza. Rehema akampakia nyuma, mama akapitisha mkono wa kushoto kiunoni mwa binti yake hadi ukafika kwenye mbonyeo, wakaondoka taratibu kwenye barabara ya kijiji, kanga inapepea. Majirani walitoka nje kuangalia. Nilikaa kwenye gunia la maharage mpaka wakarudi.

Hilo ndilo la kuwaachia. Mkiletewa kitu kimebonyea, ulizeni kwanza kama kinaumwa. Mzee Zefania hakunifundisha hilo, na simlaumu, naye hakufundishwa.

Jioni ile nilirudi nyumbani, nikaanza kupapasa vitu vya Agnesi. Mlango wa jiko aliokuwa akiufunga kwa teke kila siku mikono ikiwa imejaa, teke likaacha alama. Niliunyoosha. Birika lililomdondoka siku tulipopata habari za kifo cha baba yake. Nililinyoosha. Ndoo, karai, mfuniko wa sufuria ya wali ambao aliugonga ukutani kwa hasira nilipochelewa kurudi, tukaja kucheka wote wawili. Kila alipobonyeza kitu, mimi nilikichukua kesho yake karakana, nikamrudishia hakina alama, naye akasema asante mume wangu. Nilizunguka nyumba nzima. Hakuna alama yake hata moja. Vyote vimenyooka.

Nikachukua ule mfuniko. Nakumbuka ulibonyea ukingoni, karibu na kishikio. Nikauweka juu ya goti, nikainua nyundo, nikaweka kiganja kwanza nipate mahali penyewe, kama mama alivyofanya. Kiganja hakikujua kitu. Hakikuwahi kukaa pale kumsikiliza, kilipita tu kunyoosha. Nikaiweka nyundo chini, na kesho yake nikawaambia nastaafu.